Nani Mwenye Kauli ya Kurudi

Nimezaliwa Marangu, miguuni pa Kilimanjaro, na mpaka natimiza miaka 38 sikuwa nimepanda mlima wowote. Wenzangu kazini huku Colorado, Marekani, hawakunielewa nilipowaambia hivyo. Kwetu mlima ulikuwa kazi ya wanaume wa ukoo; sisi wasichana tulifua soksi zao wakirudi. Baba mdogo alianza kama mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitana, na mzigo wa kilo 20 kichwani kutoka geti la Marangu mpaka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Baadaye akapata leseni ya kuongoza wageni. Kwake nilijua mambo mengi bila kuyatafuta: kwamba pale Kibo, kwenye mita 4,720, wageni huamshwa kama saa tano usiku, hunywa chai na biskuti, na saa sita wanaanza kupanda, kwamba njia nzima huambiwa polepole, polepole, kwamba wapo wanaorudishwa huku wanalia. Ila sikuwahi kumuuliza kwa nini iwe saa sita usiku. Nilidhani ni ili jua liwakute juu wapige picha.

Mlima ulionifundisha uko bara jingine. Unaitwa Longs Peak, mita 4,346, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Aurora ninakoishi. Mimi natunza wazee, zamu ya usiku, na asubuhi za anga safi nikitoka kazini nilikuwa nauona kaskazini magharibi, kilele chake bapa kama kimekatwa kwa panga. Waarapaho waliokuwa wenyeji wa nchi hii waliuita, pamoja na jirani yake Meeker, kwa jina lenye maana ya Waongozaji Wawili. Naelewa kwa nini. Kuna usiku mzee mmoja au wawili wanatutoka, na ukifika nje alfajiri unatafuta kitu cha kutazama ambacho jana kilikuwepo na leo kipo.

Njia ya kawaida ya kuupanda hupitia mahali panapoitwa Keyhole. Kwenda na kurudi ni kilomita 24, unapanda karibu mita 1,500, na watu wengi hutumia saa 10 hadi 15. Kilomita 10 za mwanzo ni kijia cha kutembea: msitu wa misonobari, kisha nyasi na mawe, kisha uwanja mpana wa majabali wanaouita Boulderfield. Halafu unafika Keyhole, tundu kubwa kwenye ukuta wa mwamba, unapita upande wa pili, na kutoka hapo kutembea kumekwisha. Zimebaki kama kilomita mbili tu, lakini ni za kushika mwamba kwa mikono, na chini yako ni hewa.

Jambo la kwanza lililonidanganya ni zile kilomita. Nilijiambia kwamba utotoni nilikwenda Himo na kurudi kwa miguu siku za gulio, iweje 24 zinishinde. La pili ni kwamba hapakuwa na wa kunizuia. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Huku, kwa njia ile ya kawaida, ukipanda na kushuka siku hiyohiyo huhitaji mwongozaji wala kibali cha kupanda. Unaegesha gari, unaanza. Niliufurahia uhuru huo bila kutambua kwamba kazi yote aliyokuwa akiifanya Baba mdogo sasa ilikuwa juu yangu.

Ilikuwa Agosti 2021. Tulikuwa wawili, mimi na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa hukuhuku. Tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri na kujiona tumewahi sana. Tulipofika, maegesho yalikuwa yamejaa kabisa, ikabidi tuache gari barabarani na kupanda mlima wa lami kabla ya mlima wenyewe. Magari yote yale, na watu hakuna. Hilo peke yake lingetosha kunifundisha: wenzetu wote walikuwa wameshatangulia, taa vichwani, saa nne zilizopita. Tulianza saa kumi na mbili na dakika ishirini, jua likiwa limetoka.

Niliongoza kwa mwendo niliousikia tangu nikiwa mdogo. Polepole. Kijana alikuwa anataka kukimbia, nikamzuia, nikijivunia hekima ya kwetu. Majabali ya Boulderfield tuliyafikia saa nne na nusu. Pale kuna wanyama wanene wenye manyoya ya kahawia, marmoti, wa jamii ya kindi lakini kwa jinsi wanavyoota jua juu ya mawe utadhani ni pimbi wa kwetu. Wanatafuna mikanda ya mabegi kwa ajili ya chumvi ya jasho. Tulipumzika, tukawapiga picha. Tulifika Keyhole saa tano na nusu. Watu walikuwa wanashuka kwa mafungu. Mama mmoja wa makamo alisimama mbele yangu, akatazama saa yake, akaniuliza kama tunaishia hapo. Nikamwambia tunaendelea. Akainua uso akatazama mawingu, akanitazama tena, akaenda zake. Nimemkumbuka mara nyingi.

Mvua ya mawe ilitukuta kwenye korongo la Trough, upande wa pili. Ni korongo refu lenye mteremko mkali na mawe yasiyoshikana, kila anayekanyaga juu yako anakutumia jiwe. Hatukuwa na kofia ngumu. Dakika tano mwamba wote ulikuwa umelowa na kuwa mweupe. Kisha radi ikapasuka mahali ambapo sikujua ni juu au ni ubavuni. Fimbo zangu za kutembelea, nilizokuwa nimezifunga kwenye begi, zikaanza kulia, sauti nyembamba kama nyuki ndani ya chupa. Kijana akauliza, "Shangazi, hiyo ni nini?" Nilikuwa najua ni nini: umeme wa radi ulikuwa unajikusanya. Sikumjibu.

Tulirudi kwa kukaa kitako. Sehemu ile ya vibaraza vya mwamba, Ledges, ambayo asubuhi watu waliipita wakizungumza, sisi tuliipita kwa tumbo, tukitafuta alama za duara jekundu na njano zilizochorwa kwenye mawe kuonyesha njia. Karibu na Keyhole kuna kibanda cha mawe, cha duara, kilichojengwa kumkumbuka Agnes Vaille, mpandaji aliyefariki mlimani hapo Januari 1925. Kina kibao pia cha Herbert Sortland, aliyekwenda kumwokoa naye asirudi. Tulijibanza humo, tukitetemeka, nikasoma majina hayo nikiwa nimemkumbatia mtoto wa kaka yangu. Baadaye nilijifunza kwamba kibanda kilicho wazi kama kile hakikingi radi. Wakati ule nilidhani tumefika salama.

Gari tuliliona saa mbili usiku, tukimulikwa na simu moja iliyobaki na asilimia nne. Hakuna mtu duniani aliyejua tuko wapi. Kaka yangu alifikiri mwanawe yuko kwangu anakula.

Kesho yake nilimpigia Baba mdogo. Sikupiga ili anifundishe. Nilitaka kusikia sauti ya mtu wa nyumbani. Nilimwamkia, nikamsimulia yote. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwenye msafara wenu nani alikuwa na kauli ya kurudi?"

Sikuwa na jibu, na ukimya wangu ukamjibu. Akaendelea, polepole, kama anavyozungumza na wageni: "Mgeni akiwa amelipa hela zake, ameona kilele, hawezi kujigeuza mwenyewe. Hata awe profesa. Hewa imepungua, akili inakwenda kidogo kidogo na yeye haoni. Kwa hiyo yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema basi. Kwangu ni mimi. Kwenu hakuna mwongozaji, basi iwe saa. Saa huwezi kuibembeleza."

Hapo ndipo nilipomuuliza, nikiwa na miaka 38, kwa nini Kibo wanaanza saa sita usiku. Akanieleza kwamba changarawe za juu usiku hugandishwa na baridi zikakaza, mguu haurudi nyuma sana. Kwamba asubuhi anga huwa wazi na mawingu huja baadaye. Na kwamba mgeni anayefika juu asubuhi ana mchana mzima wa kushuka akiwa amechoka. Picha za jua ni zawadi tu. Polepole aliyokuwa akiisema siku zote ni ya miguu. Saa ya kuondoka haina polepole.

Tulijipa mwaka. Nashukuru tulifanya hivyo, maana msimu wa Longs Peak ni mfupi: kabla ya katikati ya Julai theluji na barafu huwa bado zimeshika upande wa juu, na kuanzia Septemba theluji mpya inaweza kurudi wakati wowote. Nje ya hapo huo ni mlima wa watu wenye shoka za barafu na waliofunzwa kuzitumia.

Kitu kikubwa kuliko vyote nilichojifunza mezani majira yale ya baridi ni kwamba hesabu ya siku moja mlimani haianzii kwenye maegesho wala kwenye kilele. Inaanzia kwenye miti. Huku Colorado, Julai na Agosti, jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na ikifika adhuhuri mawingu yameshajengeka. Mchana ni radi. Si kila siku, lakini siku nyingi kiasi kwamba ni lazima uifanye ndiyo desturi. Na pale Longs Peak miti huishia karibu na mita 3,350. Juu ya hapo wewe ndiye kitu kirefu. Mtu aliyesimama Keyhole yuko zaidi ya kilomita tano kutoka kwenye mti wa kwanza, na aliye kileleni yuko zaidi ya saba. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: lini nataka kuwa tena chini ya miti? Nikajibu saa saba mchana, nikarudi nyuma kutoka hapo.

Ili kurudi nyuma ilibidi nijue mwendo wangu, na mwendo wangu nilikuwa siujui. Juni ile tulipanda Twin Sisters, mita 3,483, ng'ambo ya bonde, mahali unapouona uso wote wa mashariki wa Longs Peak kama umekaa nao sebuleni. Mwezi uliofuata tukapanda Bierstadt, mita 4,287, ambao ni mrefu karibu sawa lakini hauna mahali pa kushika kwa mikono mpaka karibu na juu. Kila mara niliandika saa ya kuanza, saa ya kufika na mita tulizopanda. Bierstadt, ukihesabu na bondeni unapoteremka kwanza, ni karibu mita 870, na tulitumia saa tatu. Mita 290 kwa saa. Hiyo ndiyo ilikuwa namba yangu, ya mwanamke wa miaka 39 anayekesha kazini. Vijana mtandaoni wanaandika namba zao kubwa na sina ugomvi nao, ila ratiba yangu haiwezi kujengwa juu ya mapafu ya mtu mwingine.

Kutoka maegesho ya Longs Peak, mita 2,867, mpaka Keyhole ni kupanda kama mita 1,150. Kwa mwendo wangu ni saa nne, na kupumzika na kuvaa na kula weka saa moja. Kutoka Keyhole mpaka kileleni saa mbili. Kushuka kilele mpaka Keyhole saa mbili tena, kwa sababu pale juu kushuka hakuna haraka kuliko kupanda. Kutoka Keyhole mpaka kwenye miti saa mbili na nusu. Ukiyarudisha hayo nyuma kutoka saa saba mchana, unapata: Keyhole ya kurudi saa nne na nusu, kilele saa mbili na nusu, Keyhole ya kwenda saa kumi na mbili na nusu, na kuanza kutembea saa saba na nusu usiku. Kutoka nyumbani, saa tano usiku. Nilipoona saa tano ile imejitokeza yenyewe kwenye karatasi nilinyamaza kidogo. Ndiyo saa wanayoamshwa wageni wa Baba mdogo.

Halafu tukaandika nyakati mbili za kugeuka. Kama hatujafika Keyhole saa moja na robo asubuhi, tunageuka. Popote tutakapokuwa saa tatu na robo, hata kama kilele tunakigusa kwa mkono, tunageuka.

Karatasi niliiandika kwa Kiswahili na kumpa kila mmoja nakala. Siku mbili kabla ya safari nikamwambia kijana anisomee kwa sauti. Akasoma, "Tunageuka saa tatu na robo," nikamuuliza hiyo ni lini, akasema alasiri. Kiswahili anakijua, lakini saa anazisoma za Kiingereza. Kwake saa tatu ni ile yenye namba tatu. Angeubeba ubavuni mpango wenye kosa la saa sita, na wala hakuna ambaye angekuwa mwongo. Tangu siku hiyo karatasi zetu zina mistari miwili, saa yetu na namba inayoonekana kwenye simu. Wenye watoto waliokulia huku mnaelewa.

Nakala nyingine alipewa kaka yangu: njia ipi, gari lipi na liko wapi, nguo za rangi gani, na maneno haya: usiposikia sauti yetu mpaka saa kumi na mbili jioni, piga 911, namba ya dharura. Siyo "uwe na wasiwasi". Piga.

Vifaa sitavirefusha, kila mtu ataviorodhesha. Taa ya kichwani na betri za akiba, kofia ngumu kwa ajili ya lile korongo, glavu, koti la mvua hata kama utabiri unasema jua, na hakuna nguo ya pamba inayogusa mwili, kwani pamba ikilowa hukaa na ubaridi. Maji lita tatu na nusu kila mmoja, na kichujio cha kuongezea kwenye vijito. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na ngozi, baridi hunyonya chaji.

Chakula ndicho nilichokosea sana mara ya kwanza. Nilinunua zile kaki ngumu za wapanda milima, na juu ya mita 3,800 hamu ya kula ilikwisha, nikawa natafuna mchanga mtamu. Baba mdogo anasema mlimani mtu hula anachokijua. Sasa nabeba viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi, chapati zilizokunjwa na siagi ya karanga, tende, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Tunakula kila saa, njaa iwepo isiwepo, kwa sababu hewa ya kule ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani na tumbo ndilo la kwanza kususa. Kukaa Aurora kunasaidia, tuko zaidi ya mita 1,600, lakini hakutoshi.

Agosti 2022 tukaenda watatu. Rafiki yangu wa kazini, mwenyeji wa Bukavu, alikuwa ametuomba. Kabla ya kuondoka tuliongeza kanuni moja ambayo haikutoka kwa Baba mdogo: mbali na saa, yeyote kati yetu ana kauli. Akisema "tushuke", tunashuka, na haulizwi kwa nini.

Tulianza saa saba na dakika arobaini usiku. Nawaambia, msitu wa usiku ule ulikuwa mzuri. Hausikii ila maji ya kijito na pumzi zenu. Tulipotoka kwenye miti tukaona taa za watu mbele, mstari mrefu unaopanda gizani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa maneno niliyoyasikia utotoni juu ya taa za usiku wa Kibo. Tulifika Keyhole saa kumi na mbili na dakika hamsini. Ndani ya muda. Mwili wangu ulikuwa na nguvu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Upepo ulikuwa unapita kwenye lile tundu kama maji ya bomba. Rafiki yangu alichungulia upande wa pili, ambako vibaraza vinaanza na bonde linafunguka chini. Akarudi, akaketi, akasema, "Dada, tushuke."

Sikumuuliza. Ila yote mliyosoma hapa juu kuhusu ratiba ilikuwa rahisi kuliko sekunde zile kumi. Tulikuwa tumewahi. Anga ilikuwa safi. Kijana alinitazama, nami najua alikuwa anasubiri niseme, wewe kaa hapa kibandani sisi twende turudi. Watu hufanya hivyo. Nikafunga begi, tukashuka.

Na siku ile haikunyesha. Saa sita mchana anga bluu, saa nane bluu, saa kumi tukiwa Aurora bado bluu. Garini sikusema neno. Nilikuwa na hasira, na sikuijua pa kuiweka. Tulipokaribia nyumbani rafiki yangu akasema, "Dada, kichwa kilikuwa kizima. Niliogopa tu."

Ilinichukua wiki kadhaa kuliona sawasawa. Kama kanuni ingemtaka atoe sababu, asingekuwa nayo ya kutosha. Kuogopa si homa, hakuna kipimo cha kuonyesha wenzako. Angenyamaza, angepita lile tundu miguu ikitetemeka kwa sababu ya aibu, na sehemu ile haisamehe mguu unaotetemeka. Anga kubaki safi hakubadilishi kilichokuwa ndani yake saa ile. Nilimwambia hivyo siku moja tukiwa tunageuza mgonjwa kitandani, katikati ya usiku. Akaniambia mwaka ujao anataka kuja tena, lakini kwanza atafute mahali pa kuzoea kimo. Akajiandikisha kwenye ukumbi wa kupanda kuta, Jumamosi mbili kila mwezi, akiwa na umri wa miaka 44.

Mwaka 2023 tulichagua Jumanne badala ya Jumamosi, na tukawa na siku tatu mkononi ili tuchukue ile yenye utabiri mzuri kuliko kujifunga na moja. Hilo ningelisisitiza kuliko kifaa chochote: omba ruhusa ya siku kadhaa kazini, uipe hali ya hewa nafasi ya kuchagua. Siku ya kwanza utabiri wa kilele ulionyesha upepo mkali, tukalala. Ya pili tukaenda.

Keyhole, saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika tano. Rafiki yangu alichungulia, akavuta pumzi, akapita mbele yangu. Trough tulipanda kila mmoja pembeni ya mwenzake, si chini yake, tukiita "jiwe!" kila kilipoteleza kitu. Narrows ni ukingo mwembamba. Unatazama mkono wako tu, kisha mkono mwingine. Sehemu ya mwisho, Homestretch, ni mabamba ya mwamba laini yaliyoinama, nami niliyapanda kwa viganja na magoti bila haya. Kisha ghafla hakuna cha kupanda. Kilele kile bapa nilichokuwa nakiona nikitoka zamu ni kipana kama uwanja wa mpira, na tulikitembea tukiwa hatujui tufanye nini na mikono yetu. Saa mbili na dakika hamsini. Mashariki tambarare yote, mpaka Denver, mpaka Aurora. Nilitafuta mahali jengo letu la wazee lilipo nikalikadiria kwa kidole. Tulikula chapati. Saa tatu na dakika tano tukaanza kushuka, dakika kumi kabla ya saa ya karatasi.

Mawingu yalianza kujikusanya tukiwa kwenye majabali. Ngurumo ya kwanza niliisikia tukiwa tumeshaingia kwenye miti, mvua ikatupiga mgongoni njia nzima ya msitu. Tuliketi garini tukiwa tumelowa saa tisa kasoro robo, nikampigia kaka yangu, kisha nikampigia Baba mdogo. Marangu ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na nilikuwa nimejiandaa kuacha ujumbe. Alipokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Miti mmeifikia saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi."

Nikamsikia anahesabu. "Dakika kumi zimewapita," alisema. "Haya. Kunyweni chai, na mimi nikalale."